Umeunganisha Ruta Mbili Bila Waya na Mtandao Bado Unasumbua? Anza na Dalili

Nyumba nyingi za kwetu ni tofali za saruji, nguzo za nondo na madirisha ya grili, na ruta ya kampuni ya intaneti hukaa sebuleni kando ya televisheni kwa sababu tu mafundi waliopitisha fiba waliishia hapo. Sebuleni video inateleza. Chumba cha mwisho kinabaki na kijiti kimoja, na banda la uani halina kitu. Ndipo mtu anaikumbuka ruta ya zamani iliyolala kabatini, au ananunua nyingine ya bei ya chini, na kuiunganisha na ya kwanza kwa hewa ili isambaze mtandao huko nyuma. Njia hii inafanya kazi vizuri tu. Shida huja inapogoma: mtu anabonyeza huku na huku bila mpango, mwishowe anavuruga hata ile ruta iliyokuwa nzima.

Hitilafu zilizo hapa ni zile zinazorudi kila mara. Zimepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili kisababishi cha kwanza ndicho kinachotokea zaidi. Usirukie cha mwisho kabla ya kukagua cha kwanza. Ruta iliyounganishwa na kampuni ya intaneti nitaiita ruta mama. Ile inayosambaza huko nyuma ni ruta ya pili.

## Kwanza jua umeziunganisha kwa njia ipi

Kuna njia mbili, na tiba ya moja huharibu nyingine.

Ya kwanza ni daraja. Kwenye ukurasa wa ruta utaona WDS, Bridge au Repeater. Hapa nyumba nzima ni mtandao mmoja: ruta mama ndiyo inayogawa anwani za IP, zile namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, kwa simu na kompyuta zote, na ruta ya pili inapitisha tu. DHCP ya ruta ya pili, yaani ule ugawaji wa anwani, lazima izimwe.

Ya pili ni ile iliyoandikwa WISP au Client Router. Ruta ya pili inapokea Wi-Fi ya mama kana kwamba ni waya wa intaneti, kisha inaanzisha mtandao wake yenyewe. Hapa DHCP ya ruta ya pili inabaki imewashwa. Njia hii inafaa zaidi pale ruta mama ni ya laini ya simu au ya kampuni na huna ruhusa ya kuigusa.

Kwa daraja, mpangilio ulio salama ni huu. Ruta mama: anwani 192.168.1.1, chaneli, yaani njia ya hewani ambayo ruta inatangazia, umeipanga mwenyewe, tuseme 6, na DHCP inagawa kuanzia 192.168.1.100. Ruta ya pili: anwani 192.168.1.2, chaneli 6 hiyohiyo, usalama WPA2-PSK na AES kama wa mama, DHCP imezimwa. Namba za mama yako zinaweza kuwa tofauti. Ruta nyingi za fiba za Huawei huja na 192.168.100.1, TP-Link nyingi ni 192.168.0.1, na MikroTik 192.168.88.1. Cha kuzingatia ni kwamba makundi matatu ya mwanzo yafanane na ya mama, namba ya mwisho itofautiane.

Na ukiwa unaipanga ruta ya pili, tumia waya kutoka kwenye laptopu hadi tundu moja la LAN, yale ya kuunganishia vifaa vya ndani. Ukipanga kwa Wi-Fi, kila ukihifadhi mabadiliko unakatwa, na hujui kama kilichokataa ni mpangilio au ni muunganisho wako mwenyewe.

## Dalili: ruta ya pili haimshiki mama kabisa

Ruta nyingi za TP-Link za zamani zina mstari mdogo kwenye ukurasa wa hali, umeandikwa WDS Status. Usome mstari huo kabla hujabadilisha lolote. Mstari ukikaa kwenye Scan, ruta ya pili haimwoni mama: tatizo ni umbali, chaneli au jina. Ukifika kwenye Auth na kurudi nyuma, inamwona ila inakataliwa: tatizo ni paswedi au aina ya usalama. Mstari ukionyesha Run, wameshikana, lakini Run peke yake isikutulize, kwa hiyo piga ping (amri ya kujaribu kama kifaa kinajibu) kwenda kwa mama kama nitakavyoeleza mbele.

Visababishi, kwa mpangilio wa mara ngapi vinatokea:

Paswedi. Herufi kubwa na ndogo, au nafasi iliyoingia mwishoni uliponakili kutoka kwenye ujumbe wa simu. Iandike kwa mkono, na kama ruta ina alama ya jicho, ibonyeze uisome.

Chaneli. Kwenye daraja, ruta zote mbili lazima zikae chaneli moja. Ukibonyeza Survey au Scan na kumchagua mama, ruta ya pili hujaza chaneli aliyokuwapo mama dakika ile. Mama akiwa kwenye Auto, kesho anahama na kumwacha mwenzake. Mwekee chaneli ya kudumu: 1, 6 au 11 kwenye 2.4 GHz. Nchi zetu chaneli 12 na 13 zipo, lakini ziepuke. Simu nyingine zilizonunuliwa Marekani hazizioni, na hapo ndugu aliyekuja likizo atakuambia Wi-Fi yako haipo.

Usalama usiofanana. Ruta mama mpya imewekwa WPA3, ya zamani inajua WPA2 tu. Mshushe mama kwenye WPA2/WPA3 mchanganyiko, na ikikataa bado, WPA2-PSK yenye AES. Usichague TKIP: inairudisha Wi-Fi kwenye kasi za zamani zisizozidi 54 Mbps. Na kama ruta ya kabatini inakubali kuunganika kwa WEP, usalama wa kizamani, peke yake, irudishe kabatini. WEP inavunjwa kwa dakika chache na mtu yeyote mwenye laptopu na nia mbaya, na ukiiweka unamlazimisha mama naye ashuke.

Bendi tofauti, yaani masafa ya Wi-Fi. Ruta ya bei nafuu mara nyingi ina 2.4 GHz pekee. Kama Wi-Fi ya 2.4 ya mama imezimwa, au umenakili jina la 5 GHz, hawatakutana. Kama bendi zote mbili zina jina moja, mpe mama majina mawili kwa muda mpaka kazi iishe.

Kichujio cha MAC. Kuna aliyewahi kuwafungia majirani kwa kuruhusu vifaa vilivyosajiliwa tu, akasahau. Ongeza anwani ya MAC ya ruta ya pili, ile namba ya utambulisho ya kiwandani, iliyochapishwa kwenye kibandiko chini yake.

Kampuni tofauti. WDS haikuwahi kupata kiwango kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Ruta mbili za chapa tofauti zinaweza kuelewana, zinaweza kukataa. Umekagua yote yaliyotangulia na bado? Acha kupambana, jaribu Repeater ya kawaida au WISP. Zote mbili zinamfanya mama aione ruta ya pili kama simu tu, kwa hiyo chapa haijalishi.

## Dalili: imeunganika, lakini simu inasema hakuna intaneti

Kabla ya yote, nenda sebuleni, unganisha simu na mama, fungua ukurasa wowote. Usicheke. Mara nyingi bando limeisha au fiba imekatika mtaani, na mtu amekesha anapanga upya ruta ya pili isiyo na kosa.

Mama akiwa sawa, rudi nyuma na uangalie simu imepewa anwani gani. Kwenye Android bonyeza jina la Wi-Fi uliyounganika, maelezo yamo humo. Kwenye Windows fungua dirisha jeusi la amri uandike ipconfig. Majibu ni matatu.

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kifaa hakikupewa anwani na mtu yeyote, kikajitungia. DHCP ya ruta ya pili imezimwa, sawa, lakini maombi hayamfikii mama. Maana yake daraja halijashikana kweli, hata kama ukurasa unasema Run. Rudi kwenye paswedi.

Ukiona anwani ya kawaida lakini njia ya kutokea, ile iliyoandikwa Gateway, ni anwani ya ruta ya pili, basi DHCP mbili zinagombana. Hiki ni kisababishi cha kawaida sana cha dalili hii kwenye daraja. Simu ikiwahi kwa mama inapata intaneti, ikiwahi kwa ruta ya pili haipati, ndiyo maana utasikia "kwa baba inafanya kazi, kwangu haifanyi". Zima DHCP ya ruta ya pili, iwashe upya, kisha kwenye simu sahau mtandao na uungane tena.

Ukiona Gateway ni mama na bado hakuna kitu, piga ping kwa hatua tatu kwenye lile dirisha la amri la laptopu, ukiandika ping kisha anwani: kwanza 192.168.1.1, halafu 8.8.8.8, halafu google.com. Ya kwanza ikikataa, kosa ni daraja. Ya kwanza ikipita na ya pili kukataa, kosa ni mama au kampuni. Mbili zikipita na jina likakataa, ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani; andika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye sehemu ya DNS ya ruta mama.

Bado kuna visababishi viwili. Kimoja ni anwani zinazogongana: ruta zote mbili zimeachwa na 192.168.1.1 ya kiwandani. Mtandao unafanya kazi dakika mbili, unapotea, unarudi, na ukiandika anwani hiyo kwenye brauza hujui utamkuta nani. Badilisha ya ruta ya pili. Kingine ni cha njia ya WISP pekee: mama yuko 192.168.1.x na ruta ya pili nayo inagawa 192.168.1.x. Ruta haiwezi kutofautisha ndani na nje. Ipe ruta ya pili mtandao wa mbali kabisa, kwa mfano 192.168.20.1, na hapo DHCP yake iache imewaka.

## Dalili: ukurasa wa ruta ya pili haufunguki tena

Umebadilisha anwani ukasahau, au umezima DHCP na daraja halijashikana, kwa hiyo laptopu haina anwani ya kuingilia. Jipe anwani kwa mkono: 192.168.1.50, mask 255.255.255.0, chomeka waya kwenye LAN ya ruta ya pili, andika 192.168.1.2 kwenye brauza. Kama hujui kabisa uliiwekea namba gani, bonyeza tundu la Reset kwa kipini kama sekunde kumi hadi taa zibadilike, uanze upya.

Onyo: fanya hivyo kwa ruta ya pili tu. Ruta mama iliyoletwa na kampuni ya fiba mara nyingi ina jina la akaunti na mipangilio ya laini iliyowekwa na fundi wao. Ukiiriseti unaifuta, na hakuna namba utakayobahatisha ikairudisha. Hapo ni kupiga simu huduma kwa wateja na kusubiri.

## Dalili: intaneti ipo, ila inasuasua

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, na jibu la vijiweni ni moja: "ruta ya pili inakata kasi nusu." Ni kweli, na bado mara nyingi siyo sababu.

Ukweli wenyewe ni huu. Ruta ya pili ikitumia redio moja kupokea kutoka kwa mama na kupeleka kwa simu, haiwezi kufanya yote kwa wakati mmoja. Kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili. Tuseme pale ilipokaa inapata 60 Mbps halisi kutoka kwa mama. Wewe utapata kama 30. Lakini kifurushi cha nyumbani kikiwa 10 au 20 Mbps, huo mkato hutauona. Ukipata 2 Mbps chumbani wakati unalipia 20, usilaumu nusu. Laumu mahali ulipoiweka ruta.

Kosa linalorudiwa kupita yote ni kuiweka ruta ya pili ndani ya chumba kisichokuwa na mtandao. Inaonekana ni busara, maana huko ndiko mtandao unakotakiwa. Lakini ruta haizalishi intaneti. Ikipokea mawimbi yaliyochoka, itayatangaza kwa nguvu, simu itaonyesha vijiti vyote vitano, na video haitasogea. Vijiti vya simu vinapima umbali wako na ruta ya pili. Havijui chochote kuhusu umbali wa ruta ya pili na mama.

Mahali pake ni katikati, kwenye korido au mlango wa chumba, pale ambapo mawimbi ya mama bado yana afya. Pakua programu ya kupima Wi-Fi kwenye simu ya Android, simama pale unapotaka kuiweka, usome namba ya dBm ya mama. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kati ya -50 na -65 weka hapo. -70 bado inavumilika. -80 ni kujisumbua. Hatua mbili tu pembeni, ukitoka nyuma ya nguzo ya zege, zinaweza kukupa 10 dB nzima, ambayo ni nguvu mara kumi.

Kujua kama kosa ni mahali au kitu kingine, pima kasi mara nne, kwa mpangilio huu:

1. Laptopu kwa waya kwenye ruta mama. Hii ndiyo unayopewa na kampuni.
2. Simu kwa Wi-Fi, mita mbili kutoka kwa mama.
3. Laptopu kwa waya kwenye LAN ya ruta ya pili.
4. Simu kwa Wi-Fi, mita mbili kutoka ruta ya pili.

Ikishuka kati ya kwanza na ya pili, Wi-Fi ya mama yenyewe ina shida, na ruta ya pili haitakusaidia. Ikishuka kati ya pili na ya tatu, daraja ndilo dhaifu: sogeza ruta ya pili. Ikishuka kati ya tatu na nne peke yake, huo ndio mkato wa nusu unaosemwa, au majirani.

Baada ya mahali, angalia vizuizi. Ukuta wa tofali za saruji unapunguza, wa zege lenye nondo unapunguza zaidi, na kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe Zanzibar au za mji wa zamani Mombasa zinaweza kumaliza mawimbi kwa chumba kimoja tu. Kwenye nyumba hizo pitisha mawimbi milangoni na kwenye baraza la ndani, usiyalazimishe ukutani. Tenki la maji, friji, kioo kikubwa na bati ni vizuizi ambavyo watu hawavihesabu. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni nayo ni hivyohivyo: ipandishe juu ya kabati, antena zisimame wima.

Kisha majirani. Kwenye nyumba za kupanga, programu ileile ya kupima itakuonyesha mitandao kumi na zaidi yote imerundikana chaneli moja. Hamia kati ya 1, 6 na 11 pale penye nafuu, na uhamishe ruta zote mbili. Upana wa chaneli uweke 20 MHz, siyo 40. Kwa mtaa uliobanana 40 inakuongezea kelele kuliko kasi. Maikrowevu nayo inatumia masafa ya karibu 2.45 GHz, kama mtandao unakufa dakika tatu kila mtu anapopasha wali, mchawi umempata.

Kama ruta zote mbili zina 5 GHz, kuna tiba nzuri zaidi: unganisha ruta kwa 5 GHz, simu zitumie 2.4, au kinyume chake. Redio mbili zinafanya kazi kwa pamoja na ule mkato wa nusu unaondoka. Ila 5 GHz inachoka haraka ukutani, kwa hiyo inafaa ruta zikionana, au zikitenganishwa na ukuta mmoja mwepesi.

Mwisho ni ruta yenyewe. Ile iliyoandikwa 300 Mbps kwenye boksi mara nyingi ina matundu ya waya ya 100 Mbps, na kasi ya boksi ni ya hewani kabla ya gharama za mawasiliano. Halisi huwa chini sana. Ukilipia kifurushi kikubwa, ruta hiyo haitakutosha hata ukiipanga vizuri namna gani.

## Dalili: inakata na kurudi, hasa baada ya umeme

Umeme ukirudi, ruta zote mbili zinawaka kwa pamoja. Ruta ndogo ya pili mara nyingi inamaliza kuwaka kabla ya mama, ambaye bado anazungumza na fiba. Inatafuta, haioni, na baadhi yake zinaacha kutafuta. Zima ruta ya pili, subiri mama atulie na taa ya intaneti iwake, halafu iwashe. Kama ni hivyo kila siku, betri ndogo ya akiba ya ruta, zile za 12V zinazouzwa madukani, itamaliza tatizo upande wa mama.

Kisababishi cha pili ni chaneli ya Auto, tuliyokwisha isema. Mgao wa umeme unaifichua kwa sababu mama huchagua chaneli upya kila anapowaka. Kwenye 5 GHz ongeza hili: chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa kwa pamoja na rada. Ruta ikihisi rada inalazimika kuhama, na kabla ya kutangaza kwenye chaneli hizo inasikiliza kwanza kwa angalau sekunde 60. Kwa daraja chagua 36, 40, 44 au 48.

Cha tatu ni adapta. Ruta inayotaka 12V na 1A ikipewa adapta ya 12V na 0.5A iliyookotwa kwenye droo, itawaka vizuri na kuzimika pale watu wakianza kutumia. Soma kibandiko cha ruta na cha adapta: volti zilingane kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi. Volti zikizidi utaiunguza.

Cha nne ni joto. Ruta iliyo juu ya dekoda, chini ya kitambaa cha kupamba, dari la bati mchana wa Januari. Iondoe hapo uone siku mbili.

## Dalili: mtandao wote unakufa, taa zinapepesa kwa fujo

Umeweka daraja kwa hewa, baadaye ukapata waya ukaunganisha ruta hizohizo kwa waya pia, "ili iwe na nguvu zaidi". Sasa kuna njia mbili kati yao, na ujumbe unaotumwa kwa wote unazunguka bila kukoma mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Hata ukurasa wa ruta haufunguki. Chomoa waya; kila kitu kitarudi ndani ya dakika moja. Kama unautaka waya, na ni bora kuutaka, zima WDS kwanza, chomeka LAN kwa LAN, DHCP ya ruta ya pili ibaki imezimwa. Waya wa Cat5e unafika mita 100, haujali ukuta na haukati kasi nusu.

## Dalili: simu inang'ang'ania ruta ya mbali

Umezipa ruta zote jina moja na paswedi moja, umetoka sebuleni umefika uani, simu bado imeshika mama kwa kijiti kimoja. Uamuzi wa kuhama ni wa simu, siyo wa ruta. Zima Wi-Fi ya simu uiwashe. Ikikukera, punguza nguvu ya kutangaza ya mama kutoka High kwenda Medium, au ipe ruta ya pili jina lake, kwa mfano la kwanza ukiongeza neno Uani.

## Dalili: printa au kamera haionekani

Kama ni WISP, ni kawaida: mitandao ni miwili na vya sebuleni havionani na vya nyuma. Hamia daraja. Kama ni daraja, angalia kama ruta ya pili imeungana na mtandao wa wageni wa mama, au kama AP Isolation imewashwa. Vyote viwili vinazuia vifaa kuonana kwa makusudi.

## Pa kuishia na kumwita mwenye kazi yake

Taa ya LOS kwenye ruta mama ikiwaka nyekundu, fiba ina tatizo. Usifungue kiunganishi, usikichungulie: mwanga wake hauonekani kwa macho, na waya ule ukikunjwa unavunjika ndani. Ni kazi ya kampuni.

Harufu ya kuungua, adapta iliyobadilika rangi, au betri ya akiba iliyovimba: chomoa ukutani, usichaji tena, usiitoboe. Betri za lithiamu zikitobolewa zinawaka moto.

Kama mpango ni kupandisha antena juu ya bati au kuvuta waya wa shaba angani kutoka nyumba kubwa hadi banda lenye mita yake ya umeme, tafuta fundi anayejua waya wa ardhi (earth) na kinga ya radi. Nyumba mbili zenye waya wa ardhi tofauti zikiunganishwa kwa shaba, tofauti ya volti hupita kwenye ruta zako, na radi ikipiga jirani zinakwenda zote mbili.

Kubadilisha programu ya ndani ya ruta, firmware, ni tiba ya mwisho kabisa. Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji tu, na ilingane na toleo lililo kwenye kibandiko. Modeli moja inaweza kuwa na v1, v2 na v3, na kila moja ina faili yake. Umeme ukikatika katikati ruta inaweza kufa jumla, kwa hiyo mahali penye mgao usifanye bila betri ya akiba. Huna betri, mpelekee fundi.

Na ukimwita, mwandalie mambo manne kabla hajafika: modeli na toleo la kila ruta, njia uliyotumia kama ni daraja au WISP, vipimo vinne vya kasi, na dBm ya mama pale ilipokaa ruta ya pili. Fundi mzuri atajua kosa kabla hajakaa. Asiyeuliza hata kimoja kati ya hivyo na kuanza kwa kukuambia ununue ruta mpya, mpe nauli arudi.